Cheni mpya, meno makuukuu

Wakati wa mavuno kule Mbarali, Tanzania, au Mwea, Kenya, utaiona kombaini shambani. Mashine hii moja hukata mpunga, huupura na kuupepeta. Nguvu ya injini hufika kwenye visu na sehemu ya kupuria kwa mikanda na cheni. Cheni hushika meno ya gurudumu, kama ya baiskeli yako hapa Maskati.

Cheni ikizeeka, watu husema "imevutika". Kumbe chuma hakikuvutika! Pini zake zimelika, kila pingili ikapata nafasi kidogo, na nafasi hizo zote zikijumlishwa cheni inakuwa ndefu. Hapo haikai tena sawasawa kwenye meno. Huyala mpaka yachongoke kama pezi la papa.

Ukifunga cheni mpya kwenye meno hayo, nayo italika upesi, na pesa zako zimepotea. Ndiyo maana fundi hodari hukagua cheni na meno pamoja, tena kabla ya msimu. Kombaini ikikatika cheni katikati ya mavuno, mpunga uliokauka haungoji spea: punje hupukutika chini.

Mzazi na mtoto, jaribuni nyumbani. Ikazeni cheni ya baiskeli, kisha mpime kwa rula. Kutoka pini ya 1 hadi ya 25 ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/8 ya inchi, cheni imekwisha, na huenda meno pia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.