Mdimu: Mgeni Aliyegeuka Mwenyeji

Huko Likoni na Kisauni, Mombasa bara, mdimu huota nyuma ya nyumba na hata vichakani pasipo kupandwa na mtu. Una miiba, tunda lake dogo hukamuliwa katika mchuzi, au hutiwa chumvi na pilipili likawa achari. Autazamaye angedhani kuwa ni mti wa asili ya nchi. Lakini chimbuko lake ni Asia, na jina lake ni shahidi.

Ndimu ni neno la ukoo wa limu la Kiajemi na laymun la Kiarabu. Lilipoingia katika ngeli ya N-, /l/ iligeuka /d/ baada ya /n/, kama ilivyo katika ulimi na ndimi. Ajabu iko katika mti. N- inapoondoka, /l/ ilitarajiwa kurejea na kuleta *mlimu. Badala yake kuna mdimu. Yaani wasemaji walikwisha kuichukua -dimu kuwa ndiyo shina. Limau, litokanalo na Kireno limão, halikufika huko: mlimau umehifadhi /l/ yake.

Wadigo nao huuita mti mmoja wa porini, Suregada zanzibariensis, mdimutsaka, yaani ‘mdimu wa msituni’, ingawa si wa jamii ya midimu. Hapa mgeni amekuwa kipimo cha kumtajia mwenyeji.

Kwa hiyo, kamusi itakayoridhika kueleza ndimu kuwa ni ‘limau dogo’ itakuwa imeificha historia hii yote.