Vitu vya dukani katika michezo ya kompyuta: Uvivu au ufundi?

Mchezaji anayefungua mchezo mpya wa kompyuta na kukuta kiti, mlango au mti aliokwisha kuuona katika mchezo mwingine, aghalabu hukimbilia kusema kuwa mtengenezaji ni mwizi au mvivu. Lawama hiyo huwaandama zaidi watengenezaji huru, yaani wale wanaofanya kazi peke yao au katika vikundi vidogo bila kampuni kubwa ya kuwafadhili. Hata hivyo, mara nyingi vitu hivyo havikuibwa, vilinunuliwa kihalali.

Tangu mwaka 2010, kampuni ya Unity, ambayo programu yake hutumiwa na wengi wa watengenezaji hao, imekuwa ikiendesha duka la mtandaoni linalouza majengo, viumbe, picha na sauti zilizoandaliwa tayari. Epic Games, wamiliki wa programu ya Unreal, walifungua la kwao mwaka 2014, na mwaka 2024 nafasi yake ikachukuliwa na duka liitwalo Fab. Mnunuzi hapati umiliki wa kitu chenyewe. Hakimiliki hubaki kwa mchoraji, naye mnunuzi hupewa leseni ya kukitia ndani ya mchezo wake, bila ruhusa ya kukiuza upya kikiwa peke yake. Ndiyo maana kiti kimoja chaweza kuonekana katika michezo mia moja pasipo sheria yoyote kuvunjwa.

Desturi hiyo si ngeni. Ukelele wa mtu anayeumia uliosikika katika filamu ya Distant Drums ya mwaka 1951 ulitumiwa tena katika Star Wars mwaka 1977, na katika filamu nyingine nyingi. Hata Doom, mchezo uliotikisa dunia mwaka 1993, ulipata baadhi ya sauti zake katika maktaba ya sauti za kununuliwa, na hakuna aliyewaita waliouunda wavivu.

Kilicholiharibu jina la vitu hivyo ni wafanyabiashara walionunua mfano wa mchezo mzima, wakaubadili jina na kuupeleka sokoni kama ulivyo. Mwezi Juni 2017 Valve, wenye duka la Steam, waliacha utaratibu wa wachezaji kupiga kura na kuanza kutoza dola 100 kwa kila mchezo. Miezi michache baadaye waliondoa kwa mkupuo zaidi ya michezo 170, mingi ikihusishwa na mtengenezaji mmoja aliyekuwa akitumia majina kadhaa. Wachezaji waliokwisha kuchoshwa na bidhaa hizo walianza kumshuku kila aliyenunua japo pipa.

Shutuma zilipoufikia mchezo maarufu wa PUBG, msemaji wake alijibu hadharani mwaka 2018 kwamba si busara kuajiri wachoraji makumi kabla ya kujua kama mchezo wenyewe unafurahisha. Jibu hilo lina uzito: seremala halaumiwi kwa kutofua misumari yake mwenyewe.

Aliyelichukua suala hili kwa undani zaidi ni Bennett Foddy, Mwaustralia aliyekuwa mtafiti wa falsafa kabla ya kufundisha utengenezaji wa michezo jijini New York. Katika mchezo wake wa mwaka 2017, Getting Over It, mtu aliyekwama ndani ya chungu hupanda mlima kwa nyundo, na mlima huo ni lundo la mawe, samani na makorokoro ya dukani. Mchezaji anapocheza, sauti ya Foddy humzungumzia, na katika maneno yake hudai kuwa vitu hivyo hugeuka takataka si kwa sababu vimeundwa vibaya, bali kwa sababu viliundwa vitumike katika muktadha fulani, na wakati wake ukipita hubaki taka. Makorokoro yale yale, yakipangwa na mtu anayejua anachokitaka, yalizaa mchezo usiofanana na mwingine.

Leseni, hata hivyo, haisameheki. Mwaka 2023 mchezo wa Only Up! uliondolewa Steam baada ya kubainika kuwa ulikuwa na sanamu ya msichana ambayo mchoraji wake hakuruhusu itumike kibiashara. Ulirejeshwa baada ya sanamu hiyo kubadilishwa, lakini Septemba mwaka huo mtengenezaji wake, ambaye alisema mchezo huo ulimletea msongo mkubwa, aliuondoa mwenyewe.