Mpungate wa Nguzo na Utunzaji Wake

Jina la kisayansi Cereus limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mshumaa wa nta. Na kweli, shina la mpungate huu husimama wima kama mshumaa. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Usichanganywe na Euphorbia za Afrika zinazofanana nao kwa umbo: hizo zikikatwa hutoa utomvu mweupe, unaoweza kupofusha macho.

Upandaji huanza na kipande cha shina, sentimita 30 hivi. Wengi huponzwa na haraka: hukata leo, hupanda leo, na udongo wenye maji hukiozesha. Kipande kilazwe kivulini wiki mbili hadi jeraha likauke. Ndipo kisimikwe katika udongo wa mchanga mwingi, na maji yawe haba mpaka kitoe mizizi. Huko Lubumbashi, basi, Agosti hufaa kuliko Januari, mvua zinaponyesha.

Mmea uliokomaa huchanua maua meupe. Kila ua hufunguka usiku mmoja tu. Asiyepata matunda asiulaumu udongo: katika Cereus repandus, vipande vya mmea mmoja havichavushani. Huhitajika mmea wa ukoo mwingine.