Hedi ya aluminiamu: Bei rahisi dukani, ghali mlima Iwambi

UKISIMAMA Iyunga wakati viazi vinapotoka kwa wingi Umalila, utaziona Hiace na pikapu zikipanda kutoka Mbalizi kupitia Iwambi, magunia yamefungwa hadi juu ya keria. Baadhi hukwama njiani, boneti wazi, utingo ameshika dumu akisubiri rejeta ipoe. Wapo wanaobahatika wakaongeza maji na kuendelea hadi Mwanjelwa. Wengine huvutwa hadi gereji, na huko fundi huwapa habari ambayo kila mwenye gari la biashara anaiogopa: hedi imepasuka.

Kwa mkulima au mchuuzi aliyenunua gari kwa mkopo wa SACCOS, habari hiyo ni nzito kuliko bei ya spea. Gari limesimama, mzigo unaharibika, marejesho ya mkopo yanaendelea kuhesabiwa. Ndipo uamuzi hufanywa kwa haraka, na mara nyingi huwa ni kununua hedi ya bei ya chini kabisa inayopatikana siku hiyo. Makala haya yanatazama kama uamuzi huo una faida kibiashara.

Silinda hedi ni kile kichwa kinachofunika silinda juu ya bloku, chenye vali, njia za hewa na njia za maji. Matrekta na malori mengi ya zamani yana hedi ya chuma cha kusubu. Injini nyingi za gari dogo na baadhi za dizeli nyepesi zina bloku ya chuma lakini hedi ya aluminiamu. Mfano unaojulikana sana na mafundi ni injini ya 1KZ ya Toyota, dizeli ya lita 3 yenye tabo, iliyofungwa kwenye Prado, Hilux Surf na baadhi ya Hiace kuanzia miaka ya 1990. Ni injini yenye nguvu, lakini sifa yake mbaya ni hiyo hiyo: hedi kupasuka, hasa katikati ya vali na pembeni ya vyumba vidogo vya kuanzia moto.

Watengenezaji walikuwa na sababu ya kuchagua aluminiamu. Ni nyepesi, na inapitisha joto karibu mara tatu ya chuma. Ubaya wake ni kwamba ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma kilicho chini yake. Ikizidiwa na joto, hedi inataka kutanuka wakati boliti na bloku vinaibana. Matokeo yake ni kupinda, gasketi kuungua, au ufa.

Sisi wa Nyanda za Juu tuna tatizo la ziada ambalo mwenye gari wa Dar es Salaam hana. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni mgandamizo unaotunzwa na kifuniko cha rejeta. Kifuniko kikilegea mpira, gari ambalo Kariakoo lingevumilia, hapa Iyunga linachemsha. Zaidi ya hayo, hewa yetu ni nyepesi, pungufu kwa karibu asilimia 17 ukilinganisha na pwani, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Dereva hukanyaga mafuta zaidi ili apande. Sasa weka gunia za lumbesa juu yake.

<b>Hedi zipi zipo sokoni?</b>

Mnunuzi hukutana na aina tatu. Ya kwanza ni ya mtumba, iliyofunguliwa kwenye injini iliyotoka nje au kwenye gari lililokatwa hapa hapa nchini. Ya pili ni mpya kutoka kampuni iliyotengeneza gari, ambayo bei yake huwashinda wengi. Ya tatu ni mpya ya watengenezaji wengine, ambao hawakutengeneza gari lenyewe ila wanatengeneza hedi inayoingia. Kundi hili la tatu lina tofauti kubwa ndani yake. Wapo wanaojulikana, mfano AMC ya Hispania, na zipo zinazoingia bila jina lolote la maana kwenye boksi. Wazuri huongeza unene wa metali pale ambapo ya awali ilikuwa dhaifu. Wabaya huiga umbo tu.

Hedi ya mtumba si mbaya kwa sababu ni ya mtumba. Tatizo ni kwamba hujui iliwahi kuchemshwa mara ngapi. Aluminiamu iliyopata joto kali hulainika, na haionekani kwa macho. Kabla hujalipa, dai ipimwe kwa hewa na maji ya moto, ili ufa unaofunguka injini ikiwa na joto ujioneshe kwa mapovu. Dai pia iwekwe rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake na kupimwa kwa fila geji. Pengo linalozidi sehemu ya kumi ya milimita katika injini nyingi ni dalili ya kupinda, ingawa kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Halafu pima urefu wake wote. Hedi iliyokwisha kusawazishwa kwenye mashine mara mbili au tatu imepungua, na kwenye dizeli vali zinaweza kugonga pistoni.

Kwa hedi mpya, beba ile ya zamani dukani. Ziweke pamoja kwenye mizani. Ile mpya ikiwa nyepesi kwa kiasi kinachoonekana, uliza kwa nini. Chukua gasketi uilaze juu ya zote mbili uone kama matundu ya maji yanalingana. Ingiza kidole na tochi kwenye njia za maji: mchanga wa kusubia ukibaki humo utaziba rejeta yako. Tazama viti vya vali, zile pete ngumu zilizobanwa ndani ya aluminiamu. Pete ikikaa ovyo itang'oka siku moja mlimani, na hapo unanunua injini. Uliza pia kama bei ni ya hedi tupu au yenye vali na springi zake, maana wengi hulinganisha bei za vitu viwili tofauti. Mwisho, chukua risiti ya EFD yenye jina la bidhaa na masharti ya kurudisha yaliyoandikwa.

<b>Hesabu ya mwenye gari</b>

Tuchukue tarakimu za mfano tu, kila mmoja aweke zake. Gari linabakiza Sh60,000 kwa siku baada ya mafuta na dereva. Kubadilisha hedi kunalisimamisha siku saba, yaani Sh420,000 zimepotea. Gasketi, boliti, mafuta na ufundi ni Sh400,000. Hedi ya mtumba ni Sh500,000, mpya nzuri ni Sh1,300,000.

Kwa mtumba, jumla ni Sh1,320,000. Ikidumu miezi minane, kila mwezi umeilipia Sh165,000. Kwa mpya, jumla ni Sh2,120,000. Ikidumu miezi 30, kila mwezi ni kama Sh70,700. Ili mtumba ulingane na mpya kwa tarakimu hizi, lazima udumu karibu miezi 19.

Lakini kuna mstari wa tatu ambao wauza spea hawauzungumzii. Ukinunua hedi mpya nzuri, ukaifunga bila kutibu kilichoua ile ya kwanza, nayo ikafa baada ya miezi minane, umelipa Sh265,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo hedi ghali kuliko zote.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, fedha ya kwanza iende kwenye upoozaji. Rejeta ioshwe au ibadilishwe, kifuniko kipya chenye mgandamizo ulioandikwa kwenye kitabu kinunuliwe, feni ikaguliwe kama inashika injini ikipata moto. Maji ya mtoni yaachwe; aluminiamu na chuma vikikaa pamoja kwenye maji yasiyo na dawa, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Na themostati isitolewe. Mafundi wengi huitoa wakidhani wanasaidia, kumbe katika injini nyingi za Toyota kipande hicho ndicho pia kinachofunga njia ya mkato. Kisipokuwepo, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta.

Wapo vijana wanaoomba hedi ipanuliwe na kusuguliwa njia za hewa kama ya gari la mashindano. Kazi hiyo ina faida injini inapozunguka kwa kasi kubwa. Hiace yenye tani ya viazi inapanda Iwambi kwa gia ya pili, na metali unayoiondoa ndiyo unayoihitaji. Kufungua pampu ya dizeli ili gari liwe jepesi ni kubaya zaidi: moshi mweusi unaouona nyuma ni dizeli isiyopata hewa ya kutosha, na moto wa ziada unaishia kwenye hedi.

Wakati wa kufunga, simama karibu. Gasketi za dizeli kama 1KZ huja kwa unene tofauti, zikitambulika kwa vikato pembeni, na huchaguliwa kwa kupima pistoni inavyojitokeza juu ya bloku. Boliti zikazwe kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje, kwa spana ya kupimia. Fundi anayekaza kwa bomba na nguvu za mkono mwambie asubiri, ukamwazimie spana hiyo kwa jirani.

Ile hedi mbovu usiiuze siku hiyo hiyo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ihifadhi mpaka gari limepanda na mzigo mara kadhaa bila kupungua maji. Baada ya hapo wasubu sufuria wataichukua kwa kilo.