Elimu ya masafa na taaluma ya ushauri wa masomo na kazi: mlango ulio wazi Rågsved?

Katika vitongoji vya kusini mwa Stockholm wapo wahamiaji wenye shahada ambao kazi wanazozifanya hazilingani na elimu waliyokuja nayo. Baadhi yao hujiuliza iwapo wanaweza kusomea, kwa njia ya intaneti na bila kuacha kazi, taaluma ya kuwaongoza wengine katika kuchagua masomo na ajira. Makala yetu hii inaeleza njia hiyo ilivyo, na mahali ambapo msafiri anaweza kupotea.

Msikilizaji, ukipanda treni ya chini ya ardhi ya njia ya kijani namba 19 kutoka katikati ya mji wa Stockholm kuelekea kusini, kituo cha mwisho ni Hagsätra, na kile kinachokitangulia ni Rågsved. Kitongoji hiki kilijengwa hasa katika miaka ya 1950, wakati mji mkuu wa Sweden ulipokuwa na uhaba mkubwa wa nyumba, na kituo chake cha treni kilifunguliwa mwaka 1959. Leo wakaazi wake wana asili ya nchi nyingi za dunia, na Afrika ni miongoni mwa mabara waliyotoka.

Tuchukue mfano, ambao ni wa kubuni ili kurahisisha maelezo. Mama mmoja mwenye shahada ya ualimu kutoka Bukavu anafanya kazi ya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Kila Jumapili, baada ya ibada, wazazi wenzake humzunguka. Mmoja humwuliza: “Dada, huyu kijana wangu yuko darasa la tisa, achague nini?” Mwengine humwuliza afanye nini na cheti chake cha uuguzi. Mama huyu anawajibu kadiri ajuavyo, kisha siku moja anajiuliza: kwa nini asiifanye kazi hii kwa elimu kamili na kwa mshahara?

Kazi anayoifikiria ina historia ndefu. Mwaka 1908, katika mji wa Boston nchini Marekani, Frank Parsons alianzisha ofisi ya kuwashauri vijana kuhusu kazi, na kitabu chake juu ya kuchagua kazi kilichapishwa mwaka 1909, baada ya yeye kufariki dunia. Msingi wa fikra zake ulikuwa mambo matatu: mtu ajifahamu, aufahamu ulimwengu wa kazi, kisha ayapime mambo hayo mawili kwa pamoja. Wataalamu waliomfuata wameongeza mengi, hasa kwamba chaguo la mtu hufinyangwa pia na familia, fedha, jinsia na nchi anamoishi. Mshauri hapaswi kumchagulia mtu kazi. Wajibu wake ni kumsaidia achague akiwa anaona njia zote zilizo mbele yake.

Nchini Sweden mtaalamu huyu huitwa “studie- och yrkesvägledare”, yaani mwelekezaji wa masomo na kazi. Sheria ya elimu ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika kikamilifu mwaka 2011, inataka wanafunzi wa shule wawe na fursa ya kupata ushauri huo, na sharti hilo linagusa pia elimu ya watu wazima. Uzito wa jambo hili huonekana pale mtoto anapomaliza darasa la tisa. Mbele yake kuna programu za kitaifa 18 za sekondari ya juu: 12 za ufundi na 6 za kumtayarisha kwa ajili ya chuo kikuu. Asiyefikia alama zinazohitajika hupelekwa kwanza katika programu za utangulizi. Mzazi aliyesomea Kongo, Burundi au Kenya haujui mfumo huo, na akikosa wa kumweleza, mwanawe anaweza kupoteza miaka.

Sheria hiyo hiyo inaweka sharti jingine, ambalo ndilo kiini cha makala yetu. Mtu hawezi kuajiriwa bila ukomo wa muda kuwa mshauri wa shule ikiwa hana elimu iliyokusudiwa kwa kazi hiyo. Tofauti na walimu, ambao hupewa leseni ya taifa, mshauri hana leseni ya namna hiyo, na hivyo ni mwajiri anayepima iwapo elimu ya mwombaji inatosha.

Je, elimu hiyo hupatikana wapi? Njia kuu ni programu ya miaka mitatu, yenye alama 180 za masomo ya juu. Vyuo vikuu vya Stockholm, Malmö na Umeå ndivyo vinavyojulikana kwa kuifundisha, na sehemu ya mafunzo hayo imekuwa ikitolewa kwa masafa. Maana yake ni kwamba mkaazi wa Rågsved anaweza kuwa mwanafunzi wa Umeå, mji ulio zaidi ya kilomita 600 kwa barabara kuelekea kaskazini, akisomea mezani kwake jikoni. Hata hivyo neno “masafa” halimaanishi kwamba hatasafiri kamwe. Kozi nyingi huwa na mikutano ya lazima, na zipo wiki za mazoezi ya kazi, kwa kuwa sanaa ya kumsikiliza mtu haifundishiki kwa maandishi peke yake.

Njia ya pili ni masomo ya uzamili. Tangu mageuzi ya mwaka 2007, Sweden ina shahada ya uzamili ya mwaka mmoja yenye alama 60, na ile ya miaka miwili yenye alama 120. Nje ya Sweden zipo programu za uzamili za ushauri wa kazi zinazosomwa mtandaoni, hususan Uingereza, ambako Chuo Kikuu cha Derby kina kituo cha kimataifa cha utafiti wa fani hii tangu mwaka 1998. Kwa mwenye shahada ya kwanza, njia hii huonekana fupi. Lakini hapa ndipo penye mtego. Shahada ya uzamili inayomwongezea mtu nadharia si lazima ihesabiwe kuwa elimu iliyokusudiwa kwa kazi ya mshauri wa shule nchini Sweden. Kabla ya kulipa ada, mwombaji anapaswa kuwauliza waajiri wa manispaa anayotaka kufanyia kazi iwapo wataitambua, na kulipata jibu kwa maandishi.

Hatua ya kwanza kwa mama wa mfano wetu, kwa hiyo, ni kuipeleka shahada yake ya Bukavu kwenye Baraza la Elimu ya Juu la Sweden, UHR, ambalo hutathmini vyeti vya kigeni bila malipo. Akikubaliwa chuoni, ana haki ya kuomba masomo yake ya awali yafikiriwe, ili asirudie alichokwisha kukisoma.

Hatua ya pili ni lugha. Programu za Kiswidi hutaka Kiswidi cha ngazi ya tatu ya sekondari ya juu, au kiwango kinacholingana nacho cha Kiswidi kama lugha ya pili. Kozi za Kiswidi kwa wahamiaji, SFI, ni za bure, lakini ni mwanzo tu wa ngazi hiyo. Anayesoma mtandaoni kwa Kiingereza akidhani ameikwepa Kiswidi ataikuta ikimsubiri katika mahojiano ya kazi.

Hatua ya tatu ni fedha na muda. Ada za vyuo vikuu zilianzishwa mwaka 2011 kwa wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya na nchi zinazoshirikiana nao, lakini mwenye kibali cha kudumu cha kuishi Sweden halipi. Mamlaka ya CSN hutoa ruzuku na mkopo wa masomo kwa anayesoma angalau kwa nusu ya kasi ya kawaida, na tangu mwaka 2022 kikomo cha umri ni miaka 60. Nusu ya kasi ni kama saa 20 kwa wiki. Mfanyakazi wa zamu ya usiku mwenye watoto hana budi kuzihesabu saa hizo kabla ya kujaza fomu.

Msikilizaji, elimu ya masafa si mgeni nchini Sweden, wala uhusiano wake na Afrika Mashariki si wa jana. Taasisi ya Hermods ilianza kufundisha kwa barua kutoka mji wa Malmö mwaka 1898. Kuanzia mwaka 1975, Tanzania nayo ilianzisha vyuo vya maendeleo ya wananchi kwa msaada wa Sweden, vikichukua mfano wa vyuo vya umma vya huko. Wazo lilikuwa lile lile: elimu imfuate mtu mzima mahali alipo.

Kwa mkaazi wa Rågsved, intaneti hufupisha safari, ila haiondoi milima iliyomo njiani: utambuzi wa shahada, lugha na saa za usiku. Anayeifahamu mapema huivuka. Na huenda yeye aliyeivuka ndiye atakayefaa zaidi kukaa upande wa pili wa meza, siku kijana atakapoingia na kuuliza: nichague nini?

Na hadi hapo, msikilizaji, ndiyo tumefikia mwisho wa makala yetu. Kwaheri.