Tunapougua, Tuanzie Wapi?



Katika ziara zetu za vijijini hapa Ufipa tumekutana na mambo mawili ambayo yametugusa. La kwanza ni la mama mmoja aliyeamka saa tisa usiku, akambeba mwanawe mwenye mafua na kikohozi, akapanda gari kwenda Sumbawanga mjini. Alikaa kwenye foleni hadi mchana. Mtoto alipimwa, akaonekana hana homa ya mapafu, na mama akapewa ushauri uleule ambao angeupata kwenye zahanati ya kijiji chake bila kulipa nauli.

La pili ni la baba mmoja aliyekohoa kwa miezi mitatu huku akinunua vidonge dukani, vinne leo, sita wiki ijayo. Alipopimwa alikutwa na kifua kikuu, na wakati huo mke wake naye alikuwa ameanza kukohoa. Tulipomwuliza zahanati iko umbali gani, alijibu, "Naiona kutoka mlangoni kwangu."

Mmoja alikwenda mbali bila sababu, mwingine hakwenda kabisa. Wote wawili walikosa jambo moja: kujua pa kuanzia. Katika toleo hili tunapenda kulieleza jambo hilo.

Kwanza tutenge yasiyosubiri

Makala hii inahusu magonjwa yasiyo ya dharura. Lakini yapo ambayo hayasubiri. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila anachopewa, mwenye degedege, aliyelegea au asiyeamka, au ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe mara moja kwenye kituo chochote kilicho karibu. Vivyo hivyo mtu anayetokwa damu nyingi au aliyepoteza fahamu. Kwa mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga aliye hatarini, piga namba 115 bila malipo ili kupata usafiri.

Kama hakuna dalili ya namna hiyo, una nafasi ya kuchagua.

Zahanati ndiyo mlango wa kwanza

Watu wengi huidharau zahanati kwa sababu ni ndogo. Lakini homa, kuharisha, kikohozi, vidonda, kupima shinikizo la damu, kliniki ya wajawazito na watoto, uzazi wa mpango na kipimo cha VVU ni kazi za zahanati. Katika vituo vya serikali, huduma kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano ni bure kwa mujibu wa sera.

Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, nenda ueleze hivyo hivyo: "Nimekohoa wiki mbili." Kama zahanati haina kipimo cha makohozi, itakuelekeza panapopimwa. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure.

Hapa kwetu homa nayo ina jambo lake. Juu huku uwandani kuna baridi na malaria ni chache kuliko kwenye Bonde la Ziwa Rukwa au mwambao wa Tanganyika. Kwa hiyo si kila homa ya Ufipa ni malaria, na kunywa dawa mseto bila kupima ni kuupa ugonjwa mwingine muda wa kukomaa. Lakini wengi wetu tunashuka Muze, Mtowisa, Kirando au Kasanga kwa kilimo, samaki na biashara. Malaria huweza kujitokeza siku 7 hadi 30 baada ya kuumwa na mbu, wakati msafiri amesharudi nyumbani na kusahau safari yake. Mwambie mganga wa zahanati ulikuwa wapi. Kipimo cha haraka hutoa majibu ndani ya dakika 20 hivi.

Duka la dawa lina mpaka wake

Maduka ya Dawa Muhimu yalianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, kisha yakaenea mikoa mingine ukiwamo wetu. Duka lenye kibali kilichobandikwa ukutani na mtoa dawa aliyepata mafunzo ni msaada mkubwa kwa maumivu madogo ya kichwa, mafua au chumvichumvi ya kuharisha. Lakini duka si mahali pa kupimwa. Antibayotiki zisinunuliwe kwa kukisia, wala kwa nusu dozi kwa sababu fedha hazikutosha. Nusu dozi huacha vijidudu hai, na vinavyobaki huweza kuwa sugu.

Kituo cha afya na hospitali

Kituo cha afya kina maabara na vitanda vya kulaza wagonjwa, na vingine hufanya upasuaji. Hospitali ya wilaya ina uwezo zaidi, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Sumbawanga ni kwa yale yanayohitaji madaktari bingwa au vipimo vikubwa. Anayefika na barua ya rufaa anafika na nusu ya kazi imekwisha kufanyika: daktari anajua umepimwa nini na umepewa dawa gani. Usiiache barua hiyo nyumbani.

Vipi kuhusu mganga wa jadi na maombi?

Waganga wa jadi wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2002, nasi hatukusudii kuwabeza. Tunachoomba ni kwamba kifafa, kisukari na shinikizo la damu visicheleweshwe kwa kutafuta nani karoga. Magonjwa hayo yana dawa, na ukiacha dawa yanarudi.

Wapo pia wanaodhani kwenda kutibiwa ni kupungukiwa imani. Tuwakumbushe habari za Adrien Atiman, aliyekuwa mtumwa utotoni, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889 akiwa katekista na tabibu. Alifanya kazi zote mbili hadi alipofariki mwaka 1956. Kwake sala na dawa havikugombana.

"Lakini zahanati yetu haina dawa"

Malalamiko haya tunayasikia mara nyingi, na wakati mwingine ni ya kweli. Hata hivyo, kupimwa na kuandikiwa dawa sahihi kuna faida, kwani utakwenda dukani ukijua unachonunua. Kisha lipelekeni jambo hilo kwenye kamati ya afya ya zahanati, ambamo wananchi wana wawakilishi, na kwenye mkutano wa kijiji. Zahanati isiyoulizwa haiwezi kurekebishwa.

Kabla ya kutoka nyumbani

Chukua kadi au daftari lako la matibabu, kadi ya bima kama unayo, na dawa zote ulizokwisha kutumia, hata zile za kienyeji. Uliza siku za kliniki kabla ya kulipa nauli. Sema ugonjwa ulianza lini.

Yule baba alimaliza dawa zake za miezi sita, na mke wake pia. Alizichukua zahanati, kwa miguu.