Ndovu Haruki: Somo kwa Wakazi wa Kware

Kwa miaka mingi, wanafunzi wetu wamekuwa wakiulizwa swali la chemshabongo lenye jibu moja tu: ni mnyama yupi asiyeweza kuruka? Mtoto hujibu kwamba ni ndovu, mwalimu hutia alama ya vema, na somo huishia hapo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo somo lilipopaswa kuanza. Anayefahamu kwa nini ndovu haruki amefahamu pia jambo linalomhusu kila alalaye katika orofa ya sita mtaani Kware, huku Embakasi, jijini Nairobi.

Tuanze na lugha. Kitenzi kuruka kimebebeshwa mizigo mingi katika Kiswahili. Ndege huruka angani, panzi huruka nyasini, msichana huruka kamba, na mtahiniwa huruka swali gumu. Kwa hivyo, swali letu halina budi kufafanuliwa. Je, twauliza iwapo mnyama aweza kuinua miguu yake yote minne kutoka ardhini kwa wakati mmoja? Tukiuliza hivyo, wanyama wazito hawalingani. Kifaru mweupe, ambaye dume lake hufikia tani mbili na zaidi, hutimka mbio hata miguu yote ikawa hewani. Kiboko naye alidhaniwa kuwa hawezi, lakini utafiti uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 2024 ulionyesha kwamba akienda kasi sana huiacha ardhi kwa muda mfupi mno. Ndovu hakufua dafu. Wataalamu waliowapima ndovu nchini Thailand, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2003, waliwaona wakifikia kasi ya kilomita 25 hivi kwa saa, ilhali daima walikuwa na angalau mguu mmoja ardhini.

Sababu ni nini? Mwanasayansi wa Italia, Galileo Galilei, aliieleza kanuni yenyewe katika kitabu alichokichapisha mwaka 1638. Mwalimu anaweza kuidhihirisha darasani kwa dadu nane. Weka dadu moja mezani. Kisha zipange zote nane ziwe mchemraba mmoja mkubwa, wenye urefu, upana na kimo maradufu ya ile moja. Uzito umeongezeka mara nane, lakini dadu zinazogusa meza ni nne tu. Kila sehemu ya chini sasa inabeba mzigo mara mbili ya ule wa awali. Ndivyo ilivyo kwa mifupa. Kiumbe akikua pande zote, uzito wake huongezeka upesi kuliko unene wa mifupa inayoubeba.

Hata hivyo, uzito peke yake si jawabu kamili. Pofu dume aweza kupita kilo 700, naye huruka ua unaomzidi mtu mrefu kimo. Miguu ya pofu imekunjika kwenye viungo, na kano zake ndefu hufanya kazi kama springi. Ndovu dume wa Afrika, mwenye tani sita hivi, ana miguu iliyonyooka kama nguzo, mfupa juu ya mfupa, na chini ya kisigino mna mto wa mafuta wa kupokea kishindo. Maumbile yamemnyima ndovu springi yakampa nguzo. Wahenga walinena kwamba ndovu hashindwi na mkonga wake. Nasi twaweza kuongeza kwamba hashindwi na mwili wake, kwa kuwa miguu yake iliumbwa kulingana na mzigo wake.

Sasa tuitazame Kware. Jina hili si la yule ndege mdogo, bali ni neno la Kiingereza lililotoholewa, lenye maana ya timbo, yaani pahali pa kuchimbia mawe ya kujengea. Katika mitaa hii ya Eastlands, majengo yamekuwa yakirefuka mwaka baada ya mwaka. Mjenzi anayeongeza orofa juu ya nguzo zile zile anafanya jambo ambalo maumbile hayakumruhusu ndovu kulifanya. Ameongeza mzigo, wala hakunenepesha mguu.

Matokeo tumeyaona. Mnamo Aprili 2016, jengo la orofa kadhaa lilianguka mtaani Huruma likaua watu wapatao 50. Mnamo Juni 2017, jengo la orofa saba liliporomoka papa hapa Kware, baada ya nyufa kuonekana na wapangaji kutakiwa kuhama. Majengo huanguka kwa sababu nyingi: saruji haba, vyuma vyembamba, msingi uliowekwa juu ya udongo laini, na ukaguzi uliopuuzwa. Zote zinahusiana na swali moja: je, kilicho chini kinautosha mzigo ulio juu?

Ndiyo maana nawasihi walimu wasiridhike na jibu la neno moja. Mwanafunzi aliyekariri kwamba ndovu haruki atapata alama moja. Mwanafunzi aliyezipanga zile dadu nane atatazama nguzo za jengo analoishi, atauliza lilikusudiwa orofa ngapi na sasa lina ngapi, na akiuona ufa hatausubiri uwe mlango. Huenda baba mwenye nyumba asifurahie maswali hayo. Hata hivyo, elimu isiyomwezesha mtoto kuuliza kuhusu paa lililo juu ya kichwa chake ina faida gani?

Enyi wanafunzi, ulizeni. Nanyi walimu, msiliruke swali hilo.